Joto la moteri ni mali yetu: tuanze na mashini ya kusaga, kamiyo ifuate



Tangu mvua zianze, mashofere na makonvoyere wanaobeba mavuno yetu wanarudi na ombi moja: kamiyo ifungiwe dushe ya maji ya moto, maji yenye kupashwa na moteri yenyewe. Wengine wakisikia hivyo wanacheka. "Dushe mu kamiyo? Bao ni batalii?" Wengine wanakasirika, kwa sababu franga za kufunga kitu kama hicho zitatoka katika kasha la wote. Sisi tunaona kwamba ombi hili si la kuchekelea, na pia si la kukubali mbio mbio. Ndani yake kuko jambo kubwa kuliko dushe ya shofere, na tunaomba mulisome hili mpaka mwisho kabla ya mkutano mkuu.

Tuanze na mazutu, kwani ndiyo tunayonunua. Mukimwaga lita tatu za mazutu ndani ya moteri ya dizeli, muchukue kama lita moja tu ndiyo inayofanya kazi ya kusukuma magurudumu au kuzungusha jiwe la kusagia. Lita ya pili inatoka kwa bomba la moshi. Lita ya tatu inapasha moto maji ya kupoza, nayo radiatere inaitupa hewani. Hatusemi fundi ameharibu. Moteri zote za namna hii ndivyo zilivyo, ziwe za Japani, za China ao za Ulaya. Lakini ile lita iliyotupwa, sisi ndio tuliilipa, kwa bei ya Baraka, ambayo munaijua.

Joto hilo ni kiasi gani? Ndoo ya lita 20, yenye maji ya digrii 25 kama ya Ziwa Tanganyika siku nyingi, inahitaji joto kidogo tu ili ifike digrii 40 za kuogea. Joto linaloingia katika maji ya kupoza kwa lita moja ya mazutu lingetosha karibu ndoo 8. Tuseme nusu itapotea kwenye tiyo na kwenye upepo. Zinabaki ndoo 4 kwa kila lita moja ya mazutu, bila kuni hata moja, bila makala hata moja. Mama anayetoka Lusenda ao Abeka kupanda mulimani kutafuta kuni anajua ndoo 4 za maji ya moto zinamkula mgongo namna gani. Na tangu kambi ya Lusenda ifunguliwe mwaka 2015 kwa ndugu zetu waliokimbia Burundi, miti iliyo karibu na barabara imezidi kupungua, wenyeji na wakimbizi wote wanalia kuni.

Sasa kamiyo. Jambo lenyewe si la kuota. Huko Australia na Afrika ya kusini, watu wanaotembea na magari ya porini wanafunga kifaa hicho miaka mingi, na kwenye meli na mashua kubwa joto la moteri linapasha maji ya kuogea tangu zamani. Namna inavyofanya kazi ni hii. Kuko kisanduku kidogo cha chuma ambacho mafundi wanakiita eshanjere. Ndani yake kuko njia mbili zisizokutana. Katika njia moja yanapita maji ya moteri, yenye digrii 80 mpaka 90. Katika njia nyingine yanapita maji safi, yanayovutwa kutoka bidoni ao mtoni na pompi ndogo ya batri. Maji hayo mawili yanagusana kwa ukuta wa chuma tu: joto linavuka, maji hayavuki. Mwisho kuko mupira wenye robine na kichwa cha dushe. Ni hivyo tu.

Muangalie vizuri neno hilo, "maji hayavuki". Tumesikia fundi mmoja akisema kwamba haina haja ya eshanjere, kwamba anaweza kutoboa mupira wa radiatere, kuweka robine, watu waoge. Ndugu zetu, mumukatalie. Maji ya radiatere yana kutu, mafuta, na mara nyingi ile dawa ya rangi ya kijani ao ya bulu inayotiwa ili yasichemke upesi. Dawa hiyo ni sumu, tena ina utamu, mtoto anaweza kuilamba. Zaidi ya hapo, kila lita mutakayotoa kwa kuoga ni lita moteri inakosa. Kesho yake kamiyo inapanda kilima na mzigo wa muhogo, moto unazidi, jwenti ya kulasi inaungua, na koperative inaanza kuchanga upya.

Hapo ndipo wasiwasi wetu juu ya kamiyo ulipo, hata kwa kazi iliyofanywa vizuri. Kufunga eshanjere ni kukata tiyo mbili za maji ya moteri na kuongeza maungio manne. Kila ungio ni mahali pa kuvuja. Barabara yetu, ile RN5 inayotoka Uvira kupitia Makobola na Mboko mpaka Nundu, Lusenda, Lweba na Baraka, si barabara ya kusamehe ungio lililokazwa vibaya. Ni kama kilometa 90 hivi kutoka Uvira mpaka Baraka, na wakati wa mvua kilometa hizo zinaweza kula siku mbili. Gari linatetemeka, kolye inalegea, maji yanatoka tone kwa tone, na shofere anaona mushale wa moto umepanda wakati amekwisha kuchelewa. Mzigo ulioko juu si wa shofere. Ni karanga za mama fulani, ni mawese ya baba fulani, ni muhogo wa watu 60.

Kuna wanaosema: basi, tuliache jambo lote. Sisi hatukubali. Joto lile lile liko mahali pengine, karibu na nyumba zetu, mahali pasipo na tope wala mutetemeko wa barabara: kwenye mashini ya kusaga.

Nani kati yetu hajasimama kwenye mulango wa mashini akingojea zamu? Kwenye mashini nyingi, kando ya moteri kuko pipa la lita 200 lenye tiyo mbili, moja chini na moja juu. Maji ya baridi yanaingia katika moteri kwa tiyo ya chini, yanachukua joto, yanapanda yenyewe kwa tiyo ya juu, bila pompi, kwa sababu maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi. Baada ya saa mbili za kusaga, ukigusa pipa unatoa mkono mbio. Zile moteri ndogo za China zenye kulala, ambazo hazina pipa, zina sanduku la maji juu yake, nayo yanachemka mbele ya macho ya watu wote. Msagaji anaongeza maji, yanaondoka kwa mvuke, anaongeza tena. Mvuke ule ni franga zinapanda juu.

Moteri ya kusaga ya kadiri, ikifanya kazi kwa nguvu, inakunywa kama lita 2 za mazutu kwa saa, zingine zaidi. Ikisaga saa tatu asubuhi, ni lita 6. Kwa hesabu yetu ya juu, ni ndoo 24 za maji ya kuogea, kila siku ya kusaga. Hata tukikosea kwa nusu, ni ndoo 12. Leo hii tunazitupa zote.

Namna ya kuzichukua ni rahisi, na hapa tunapenda kukaa kidogo. Munahitaji tiyo ya shaba, ile laini inayokunjika, mita 6 mpaka 10. Fundi anaikunja mviringo kama nyoka aliyelala, anaizamisha ndani ya pipa, karibu na juu ambako maji ni ya moto zaidi. Ncha mbili zinatoka nje. Kwa ncha moja munaunga mupira unaotoka kwa bidoni ya maji safi iliyowekwa juu ya meza ndefu ao juu ya ukuta, juu kuliko pipa. Robine munaiweka hapo hapo, upande wa maji ya baridi. Ncha ya pili muiache wazi, bila robine kabisa, itone katika ndoo. Sababu? Maji yakifungiwa ndani ya shaba yenye moto pande zote mbili, yanaweza kufanya mvuke na kurusha mupira. Upande wa kutokea ukiwa wazi, hakuna cha kupasuka. Maji yapite pole pole: yakikimbia, yatatoka vuguvugu tu.

Shaba ni ghali, na shaba inaibiwa, tunajua. Koperative isiyo na uwezo ianze na sufuria kubwa ya chuma yenye kifuniko, ijazwe maji safi, ikalishwe ndani ya pipa, juu ya vyuma viwili vilivyopitishwa, mdomo wake ukibaki juu ya maji ya pipa. Inakawia, lakini inapasha. Bidoni ya plastiki musiitumbukize, italegea na kubonyea.

Kitu kimoja ambacho wasagaji watatuuliza, na wana haki ya kuuliza: je, kutoa joto si kuumiza moteri? Kidogo hakuumizi, kunasaidia, pipa linapoa na msagaji anaongeza maji mara chache. Lakini moteri ya dizeli haipendi baridi pia. Ikipozwa kupita kiasi inatoa moshi mweupe, inakunywa mazutu zaidi, na inakulika ndani. Kwa hiyo asubuhi muache isage kwanza kama nusu saa, pipa lipate moto, ndipo mufungue robine. Na mwenye neno la mwisho juu ya robine awe msagaji, si mwenye kiu ya kuoga.

Maji hayo ni ya nini? Tuseme ukweli: huku kwetu kando ya ziwa, mwanamume mzima mwenye afya hana shida ya maji ya moto. Anaoga ziwani jioni, amemaliza. Mambo ni tofauti kwa wanaopanda upande wa Itombwe, huko baridi ni baridi. Lakini hata hapa chini, kuko watu watatu tunaowafikiria. Wa kwanza ni mama aliyejifungua, ambaye kwa desturi yetu lazima aoge maji ya moto, na kila siku mutu wa nyumba anawasha moto kwa ajili yake. Wa pili ni mzee na mgonjwa. Wa tatu, naye hatajwi mara nyingi katika mikutano, ni mama anayefanya kazi ya mawese. Mawese hayatoki kwa maji ya baridi. Mikono haitakati, bidoni haitakati. Bidoni iliyobaki na utando wa mafuta ya zamani ndiyo inayoharibu mafuta mapya, yanakuwa makali, na mnunuzi wa Uvira anapunguza bei mbele yako na wewe huna la kujibu. Maji ya digrii 60 na sabuni kidogo yanaondoa utando huo. Kwetu sisi hiyo peke yake inatosha kulipa shaba.

Vumbi la unga nalo tusilisahau. Msagaji na wasaidizi wake wanatoka mule ndani weupe kama mizimu. Kama kuko watu walio na haki ya dushe ya kwanza, ni hao, kabla ya shofere.

Sasa tuseme kwa nguvu neno moja la afya. Eneo letu linajulikana kwa kipindupindu, Uvira, Nundu, Fizi, Baraka, miaka na miaka. Maji ya moto ya kuoga si maji ya kunywa. Digrii 40 haziuwi kitu, zinafurahisha tu. Hata maji yanayotoka katika shaba yakiwa ya kuunguza mkono, hayakukaa humo muda wa kutosha, na hakuna mutu aliyepima. Maji ya kunywa yachemshwe mpaka yabubujike, ao yatiwe klori kama watu wa afya wanavyofundisha. Tunaogopa sana siku ambapo mutoto ataona mvuke unatoka kwa mupira na kufikiri kwamba maji yamekwisha kuchemshwa. Muandike kwa herufi kubwa kwenye ukuta: YA KUOGA NA KUOSHA TU.

Halafu moto wenyewe. Maji ya digrii 70 yanamuunguza mtoto kwa kupepesa macho tu. Ndoo ya baridi ikae karibu kila mara, maji ya baridi yamwagwe kwanza, ya moto yafuate. Watoto wasitumwe kuchota. Na bafu lisiungane na chumba cha moteri: moshi wa moteri una hewa mbaya isiyo na harufu, inayolaza mtu bila yeye kujua. Mujenge kibanda cha majani ao cha mabati mita chache mbali, na mupira ufike huko. Bomba la moshi lenyewe musilizungushie tiyo ya maji hata fundi akiwashawishi. Joto la pale ni kali kupita kiasi, maji yanageuka mvuke mara moja.

Kuhusu franga, tunajua itakavyokuwa. Siku ya kwanza kila mutu anapata ndoo. Mwezi wa pili, ndoo ni za ndugu za msagaji. Mwezi wa tatu kuko mwenye kuuza. Kwa hiyo jambo hili lipite katika mkutano mkuu, si katika mazungumzo ya chini ya muembe. Koperative zetu zinafuata sheria ya OHADA, ambayo Kongo iliingia mwaka 2012, na katika sheria hiyo kila mwanachama ana sauti moja, awe na hisa nyingi ao chache. Mama wa mawese asiyeongea mbele ya watu naye ana sauti hiyo. Mumuulize. Sisi tunapendekeza mama mzazi na mgonjwa wasilipe kitu, bidoni za mawese za koperative zioshwe bure, na wengine walipe franga kidogo kwa ndoo, zikae katika daftari la peke yake la kutengeneza mashini. Bei muipange wenyewe. Muhimu ni kwamba isipite bei ya kuni za kupasha ndoo hiyo, kama sivyo hakuna atakayekuja.

Na mashofere? Hatukuwasahau. Mutu anayelala chini ya kamiyo siku mbili katika tope, pamoja na akina mama wachuuzi waliokaa juu ya mizigo, ana haki ya kuoga kama mutu. Tunachosema ni utaratibu. Mashini ya kusaga kwanza, miezi sita. Katika miezi hiyo mafundi wetu watazoea kuunga tiyo na kukaza kolye mahali ambapo kosa linamwaga ndoo moja, si moteri nzima. Kisha kamiyo, kwa masharti haya: eshanjere ya kweli, si kutoboa radiatere, robine mbili za kufunga njia ya maji ya moteri, ili kitu kikivuja shofere aifunge na aendelee na safari, mipira iliyofungwa mbali na bomba la moshi, kolye mpya, si waya, na bidoni mbili za maji ya akiba kila safari.

Shofere naye akubali sharti moja. Dushe ni ya kufika, si ya kuamka. Kamiyo ikifika jioni, moteri ingali ya moto, iachwe ingurume robo saa, watu waoge, izimwe. Kuwasha moteri ya baridi saa kumi na moja alfajiri ili mtu mmoja apate maji ya moto ni kuchoma mazutu ya wengine kwa starehe yake, maana moteri ikinguruma bila mzigo inachelewa sana kupata joto. Tunajua kuko watakaojaribu. Konvoyere aandike saa ya kuwasha na saa ya kuzima, kama anavyoandika mizigo.

Mafundi wetu wa shamba watapita kwenye koperative zenye mashini ya pipa wakiwa na kipima joto na ndoo ya lita 20. Watahesabu pamoja nanyi ndoo zinazotoka kwa siku moja ya kusaga, na kuni ambazo zingehitajika. Hesabu hiyo ndiyo mutakayoipeleka kwenye mkutano mkuu. Koperative itakayokuwa tayari kununua shaba, ichague kwanza mama mmoja na msagaji mmoja wa kushika ufunguo wa robine.